Kushika Maana za "Knock" Ukiishi St Marys: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nauandika kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi St Marys, magharibi mwa Sydney, Australia, au jirani yake Mount Druitt, Werrington na Colyton, ambaye Kiingereza chake kinamtosha dukani na kwenye treni lakini kinampwaya kazini, gereji na hospitalini. Nimechagua neno moja tu, "knock". Ni mlio uliogeuka kuwa kitenzi, kama "ngo! ngo!" yetu ya mlangoni ingekua, ikaoa, ikazaa na kujaza mtaa mzima. Ukilishika hili vizuri, utakuwa na njia ya kuyakabili mengine ya ukoo wake, kama "bang", "crack", "buzz" na "click".

Sababu ya kulichagua ni mji wenyewe. St Marys umekuwa mji wa kazi za mikono kwa muda mrefu. Karne ya 19 watu hapa walitengeneza ngozi na kuunda magari ya kukokotwa na wanyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kikajengwa kiwanda kikubwa cha kujaza mabomu na risasi, na baada ya vita sehemu ya eneo hilo ikawa viwanda vya Dunheved. St Marys pia ndipo ilipopangwa kuanzia reli mpya ya metro ya kilomita 23 inayopitia uwanja wa ndege wa Western Sydney. Kiingereza cha mahali kama hapa kimelelewa na mafundi na vibarua, na "knock" imejaa vinywani mwao. Hutalikuta sana kwenye barua za serikali. Utalisikia kwa msimamizi wa shifti, kwa fundi magari, kwa muuguzi aliyechoka, tena likitamkwa haraka.

Kihispania kinaingiaje? Kwa njia mbili. Kwanza, magharibi mwa Sydney wapo watu wengi waliotoka Chile, El Salvador, Colombia na kwingineko Amerika ya Kusini na ya Kati, na huenda unafanya nao kazi au unakaa nao darasa moja la Kiingereza. Pili, na hili ndilo lenye faida zaidi, kamusi za Kiingereza na Kihispania ni nyingi na nene, na zinazipambanua maana za neno moja kwa uangalifu ambao kamusi zetu bado hazijaufikia. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, bado ni msaada mkubwa, ila haikuandikwa kwa ajili ya lugha ya vibarua wa Australia. Pale Kiingereza kinapotumia kitenzi kimoja, Kihispania mara nyingi hutumia vitenzi kadhaa tofauti. Huhitaji kujua Kihispania ili ufaidike. Unahitaji kuona tu kwamba neno limebadilika, ndipo ujue kwamba maana nayo imebadilika.

Hatua ya kwanza: litamke na ulisikie

Herufi "k" ya mwanzo haitamkwi. Zamani ilitamkwa, kwa kuwa neno hili lilitokana na mlio wenyewe wa kugonga, lakini Waingereza waliiacha kwenye karne ya 17 hivi, kama walivyoiacha kwenye maneno yao ya goti na kisu. Sema "nok", kisha kata sauti hapohapo. Sisi tumezoea kuimalizia silabi kwa irabu, na tukisema "noki" Mwaustralia anaweza asitambue neno tulilokusudia.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye kusikia. Wakati uliopita huandikwa "knocked" na hutamkwa "nokt", lakini ikifuatwa na neno jingine ile "t" humezwa. "Knocked back" utaisikia kama "nokbak". Kwa hiyo usingoje kusikia maneno mawili yaliyotengana. Jizoeze kusikia pigo moja lenye mkia.

Hatua ya pili: anzia mlangoni

Maana ya msingi ni kugonga mlango. Kihispania cha Amerika ya Kusini husema "tocar la puerta", cha Uhispania "llamar a la puerta". Kwetu ni kubisha hodi, na hapo tayari kuna tofauti ya mila inayofaa kuifahamu kabla hujamtembelea jirani.

Pwani na bara, mgeni hutanguliza sauti yake. Anaita "Hodi!", anangoja "Karibu!", na wengi tumefundishwa kwamba ukiita mara tatu bila kujibiwa, unarudi ulikotoka. Australia mkono ndio unaotangulia, sauti inafuata. Ukisimama nje ya nyumba St Marys ukaita kwa nguvu, jirani anaweza kudhani kuna ugomvi. Gonga mara mbili au tatu kwenye fremu ya mlango wa wavu, kwa sababu wavu wenyewe hautoi sauti, rudi nyuma hatua moja ili uonekane, kisha ngoja. Adabu ni ileile ya kwetu ya kutochungulia wala kuingia bila kuambiwa. Ukimtembelea mama wa Kikongo au mzee wa Kirundi mtaa wa pili, gonga kama Mwaustralia kisha ita hodi kama ulivyolelewa. Atafungua akiwa anatabasamu.

Mlangoni hapohapo kuna "Do Not Knock". Ni kibandiko kinachowakataza wachuuzi wa nyumba hadi nyumba wasigonge. Nakisisitiza kwa sababu wageni wengi wamewahi kutia saini mikataba ya umeme, gesi au paneli za sola wakiwa wamesimama mlangoni, kwa adabu tu ya kutotaka kumkatalia mgeni. Kwa sheria ya walaji ya Australia, mchuuzi ambaye hukumwita haruhusiwi kugonga kabla ya saa 3 asubuhi wala baada ya saa 12 jioni siku za kazi. Jumamosi mwisho wake ni saa 11 jioni, na Jumapili na sikukuu za umma haruhusiwi kabisa. Saa hizo nimezihesabu kwa mtindo wetu. Ukimwambia aondoke, ni lazima aondoke mara moja, na kwa siku 30 asirudi kuuza kwa niaba ya kampuni ileile. Mahakama ya Shirikisho imeshaamua kwamba kibandiko peke yake kinahesabika kuwa umemwambia aondoke. Na kama umeshasaini, kwa kawaida una siku 10 za kazi za kubadili mawazo bila kutozwa adhabu. Kwa hiyo bandika kibandiko. Hakuna uvunjaji wa ukarimu hapo, kwa maana ndugu na jirani wataendelea kugonga kama kawaida.

Hatua ya tatu: sikiliza mkia

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Ukitoka mlangoni, "knock" yenyewe haikuambii kitu. Maana imekaa kwenye neno dogo linalofuata: off, down, back, over, out, about, on.

Usione ni jambo geni, kwa sababu Kiswahili kinafanya hivyohivyo kwa njia yake. Chukua "piga". Peke yake ni kipigo. Weka kitu mbele yake: piga simu, piga pasi, piga kura, piga picha, piga mnada, piga chenga. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayedhani kwamba nguo zimepigwa fimbo. Chukua na "gonga": mlango unagongwa, gari linamgonga mtu, watu wanagongana, mpango unagonga mwamba. Sisi maana tunaiweka kwenye kitu kinachofuata au kwenye viambishi vya kitenzi, na Waingereza wanaiweka kwenye kale kaneno ka mwisho. Msikivu aliyezoea Kiswahili hukazana kulinasa pigo la "knock", akishalinasa anapumzika, na hapo ndipo maana inapompita. Geuza mazoea hayo. Liachie pigo lipite na unase mkia.

Tafuta daftari dogo. Chora safu tatu: Kiingereza pamoja na mkia wake, Kihispania, Kiswahili. Kila ukisikia "knock", andika sentensi nzima uliyoisikia, si neno peke yake, pamoja na mahali uliposikia. Jioni tafuta Kihispania chake kwenye kamusi ya mtandaoni, au mwulize mwenzako wa Colombia wakati wa chai. Ukiona vitenzi viwili tofauti vya Kihispania kwa "knock" mbili ulizodhani ni moja, weka alama. Hapo ndipo ungelipotea. Kama nyumbani hakuna intaneti, Maktaba ya St Marys iliyoko mtaa wa Queen ina kompyuta na meza tulivu.

Hatua ya nne: kazini

Anza na sentensi hizi mbili, kwa maana zimeshawaletea watu huzuni isiyo na sababu.

"You can knock off now." Yaani kazi imeisha, nenda nyumbani. Kihispania: "ya puedes salir". 

"Knock it off, now." Yaani acha hiyo tabia mara moja. Kihispania: "¡ya basta!"

Tofauti ni kaneno "it" katikati. La kwanza ni ruhusa, la pili ni karipio. Ukilichukua la kwanza kama karipio utarudi nyumbani umeinama bure. Ukilichukua la pili kama ruhusa, ukaondoka, unaweza kupoteza kazi. Sikiliza "it".

"Knock-off time" ni saa ya kutoka kazini. Wakisema "three", ni saa tisa alasiri. Na kama wewe ni kibarua wa kulipwa kwa saa, ukiambiwa unaweza "knock off early", uliza papo hapo kama saa zilizobaki zitalipwa au hazitalipwa. Ni swali la haki, na hakuna msimamizi mwungwana atakayelichukia.

Sasa "knock over". Kamusi itakwambia ni kuangusha, Kihispania "tirar" au "volcar". Mtoto ameangusha kikombe, basi, maana hiyo ni sahihi. Lakini ghalani Australia utasikia "let's knock these over before smoko", huku wakionyesha mzigo uliopangwa kwenye paleti. Hakuna anayekutuma uangushe chochote. Wanasema tuimalize kazi hii kabla ya mapumziko ya chai. Kihispania chake hapo ni "terminar". Hii ni ya Australia hasa, na wanaojifunza Kiingereza kwenye vitabu vya Uingereza au Marekani hawaikuti. "Knock it out" nayo hutumika hivyohivyo, kumaliza kazi kwa haraka, na "knock up a shelf" ni kutengeneza rafu ya chapuchapu. Jihadhari kwamba "knocked up" ikisemwa kuhusu mwanamke ni lugha isiyo na heshima ya kusema ana mimba. Uijue uielewe, usiitumie.

"Knock down" ni kubomoa, Kihispania "derribar" au "tumbar". Magharibi mwa Sydney utaona mabango ya "knock down rebuild", yaani kubomoa nyumba kuukuu na kujenga mpya kwenye kiwanja kilekile. Hapa nakuomba uongeze makini, ndugu yangu unayefanya kibarua cha ujenzi. Nyumba nyingi zilizojengwa hapa miongo ya baada ya vita zilizibwa kwa shiti za saruji zilizochanganywa na asbesto. Australia ilipiga marufuku asbesto kabisa tarehe 31 Desemba 2003, lakini shiti za zamani bado zimo ukutani, bafuni, chini ya paa. Zikiwa nzima hazina madhara makubwa. Zikivunjwa hutoa vumbi lisiloonekana linaloua mapafu, na ugonjwa wake huchukua miongo kujitokeza. Kwa hiyo ukiambiwa "knock that wall down" kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1990, kabla hujainua nyundo uliza neno moja tu: "Asbestos?" Katika jimbo la New South Wales, kuondoa zaidi ya mita 10 za mraba za shiti hizo kunahitaji mtu mwenye leseni. Anayekuharakisha ubomoe bila kukujibu anakunyima haki yako ya kukaa salama kazini, na una ruhusa ya kisheria ya kukataa.

Hatua ya tano: bei, bandia na kukataliwa

"I'll knock fifty off" ni punguzo la dola 50. Kihispania "rebajar". "Knock-off" ikiwa jina la kitu, kiatu au simu, ni feki, "imitación". Angalia jinsi "off" ileile inavyotoka kazini ikaingia sokoni: ikifuatana na saa ni kutoka, ikifuatana na pesa ni kupunguza, ikiwa jina la bidhaa ni bandia. Ikisemwa kuhusu mali ya mtu, "someone knocked off my bike", ni kuiba.

"Knocked back" ni kukataliwa. Kihispania "rechazar". Vijana wetu wangesema "nimepigwa chini", na nadhani hakuna tafsiri iliyo karibu zaidi, maana hata sisi tumeliacha pigo ndani yake. Utaisikia zaidi kwa watu wanaotafuta nyumba ya kupanga: "We got knocked back again." Ukiisikia kwa mwenzako, usiulize aligongwa wapi. Mpe pole.

Neno hilo, hata hivyo, ni la mdomoni. Barua haitakuja na "knocked back". Itasema "refused", "declined" au "unsuccessful". Kama ni barua ya viza au ya msaada wa serikali, kukataliwa huko mara nyingi huja na muda maalumu wa kukata rufaa, nao huanza kuhesabiwa mapema. Mtu akikuambia kwa simu kwamba ombi lako limekuwa "knocked back", omba barua, tafuta tarehe ya mwisho ndani yake, na ipeleke kwa mshauri wa kisheria siku hiyohiyo. Usikae na neno la mdomo.

Hatua ya sita: gereji

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapohitaji kujihadhari kuliko Mhispania, kwa sababu neno tayari tunalo. Kutoka Mombasa hadi Mbeya, "injini imenoki" maana yake imekufa. Imekwama, imechakaa ndani, tafuta nyingine au uza gari kwa vipuri. Tulilikopa neno kutoka kwenye mlio, tukalihamishia kwenye matokeo.

Fundi wa St Marys akisema "she's got a bit of a knock", anazungumzia mlio peke yake. Kuna sauti ya kugonga ndani ya injini, na chanzo chake bado hakijajulikana. Inaweza kuwa mafuta yanayowaka kabla ya wakati wake kwa sababu umejaza petroli ya okteni ya chini kuliko ile ambayo gari linatakiwa kutumia. Inaweza kuwa oili imepungua. Au inaweza kweli kuwa beringi za ekseli ya injini zimelika, na hapo ubaya umeanza. Mwenzetu wa Kihispania hana shida hii, kwa sababu mlio kwake ni "golpeteo", na injini iliyokufa ni "motor fundido". Maneno mawili, mambo mawili.

Kwa hiyo ukiambiwa gari lina "knock", usikate tamaa na usikubali bei ya kuuza gari bovu. Uliza maswali matatu kwa utulivu: mlio unatoka juu au chini ya injini, oili iko kiasi gani, na petroli gani inafaa kwa gari hili. Pampu za hapa huandikwa 91, 95 na 98, na ndani ya kifuniko cha tangi kwa kawaida pameandikwa namba ndogo kabisa inayoruhusiwa. Na wewe ukitaka kumweleza fundi kwamba injini imenoki kwa maana ya kwetu, usitumie "knock". Sema "the engine has seized", au "the engine is dead", naye atakuelewa.

Hatua ya saba: hospitalini na nyumbani

Shule ikikupigia simu kwamba mtoto "had a knock to the head", amegongwa au amejigonga kichwani. Si lazima awe ameumia sana. Shule nyingi hutoa taarifa hata kwa nundu ndogo. Nenda ukamchukue, na ulizia alivyogongwa.

Swali zito litakuja idara ya dharura, iwe Mount Druitt, kituo kimoja kuelekea mashariki, au Nepean iliyoko Kingswood, vituo viwili kuelekea magharibi. Muuguzi atauliza: "Was he knocked out?" Anauliza kama mtoto alipoteza fahamu, alizirai hata kwa sekunde chache. Kihispania kinaliweka wazi: "¿Perdió el conocimiento?" Jibu la swali hili ndilo linaloamua mtoto atachunguzwa kwa kina gani, kwa hiyo usijibu kwa kukisia. Usiitikie "yes" kwa heshima tu ya kumwitikia mkubwa, kama tulivyozoea kwetu. Kama alianguka akalia papo hapo, sema alilia papo hapo. Kama hukuwepo, sema hukuwepo.

Na ujue kwamba "I'm knocked out" ikisemwa na mtu mzima baada ya shifti ya usiku ni kuchoka tu, Kihispania "estoy agotado". Mama akimwambia muuguzi kwamba mtoto "is knocked out" akimaanisha amechoka amelala, muuguzi atasikia kitu kingine kabisa. Hospitalini sema "tired" kwa uchovu, na "unconscious" kwa kupoteza fahamu. Maneno hayo mawili hayana mkia wa kukupoteza. Mtu aliyegongwa kichwani akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, usisubiri asubuhi. Piga 000.

"Knocked down by a car" ni kugongwa na gari. Kiswahili na Kiingereza hapa vinatumia pigo lilelile la mlangoni, Kihispania kina kitenzi chake, "atropellar".

Imebaki "knock about", na naomba uisome polepole. Kwa wanaume wa hapa, "we used to knock about together" ni kwamba tulikuwa marafiki, tukizunguka pamoja. Mtu wa "knockabout" ni mtu mchangamfu asiye na makuu. Lakini mwanamke akisema "he knocks me about", anakwambia kwamba anapigwa. Kihispania: "me maltrata", "me pega". Husemwa kwa sauti ya chini, kwa maneno mepesi, kwa sababu ni zito kulitamka. Jirani, mfanyakazi mwenzako au dada wa kanisani akikuambia hivyo, usilipitishe kana kwamba hukusikia. Mwulize kama yuko salama kwa sasa. Namba ya 1800 737 732, inayoitwa 1800RESPECT, hupokea simu saa 24, na mkalimani anaweza kuombwa. Kukiwa na hatari ya papo hapo, ni 000.

Hatua ya nane: uwanjani na kwenye maongezi

Fupi hapa, maana hakuna anayeumia ukikosea. St Marys ni mji wa ragbi ya ligi, na watu wake wengi ni mashabiki wa Penrith Panthers waliochukua ubingwa miaka minne mfululizo, 2021 hadi 2024. "Knock on" ni mchezaji kuupoteza mpira ukamtoka mkononi kwenda mbele, na ni kosa. Hatua ya "knockout" ni ile tunayoiita mtoano. Kwenye ngumi ni nokauti, na Kihispania nacho kimelichukua, "nocaut", na kitenzi chake "noquear". Kwenye kriketi "a good knock" ni zamu nzuri ya mpigaji.

"Don't knock it" ni usikiponde kitu kabla hujakijaribu, Kihispania "criticar". "Knock it on the head" ni kukomesha jambo, na hakuna kichwa cha mtu ndani yake.

Hatua ya tisa: uliza kwa sentensi iliyo wazi

Ukibaki na shaka, usiseme tu "sorry?", kwa sababu atarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mpe tafsiri yako aikubali au aikatae. Kazini: "Do you mean finish, or stop?" Gereji: "Is it a noise, or is it broken?" Hospitalini: "Do you mean unconscious?" Sentensi hizi fupi ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa, na uwafundishe watoto wanaokutafsiria. Lakini usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa daktari. Ni mzigo usiomfaa, na huenda mkia wa "knock" nao umempita.

Huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu, TIS National, inapatikana kwa 131 450 wakati wowote, mchana na usiku, na hospitali za umma za New South Wales zina wakalimani usiowalipa wewe. Ukipiga, sema "Swahili" mara tu mhudumu anapopokea, usianze kueleza shida yako kwanza. Subiri mkalimani aunganishwe, mwamkie, kisha mwambie sentensi uliyoisikia yote kama ilivyotamkwa, pamoja na mkia wake, na mahali uliposikia.